NYUMBA NA AFYA: Tezi za Mate – Ni Wangapi Hupasuliwa, na kwa Sababu Gani?

Leo tunazungumza juu ya viungo ambavyo watu wengi hawavikumbuki mpaka viwaume. Viungo hivyo ni tezi za mate. Mtu anapovimba chini ya taya au mbele ya sikio, swali la kwanza analouliza ni hili: "Je, nitapasuliwa?" Wako wanaoliogopa jibu la swali hilo, wakauficha uvimbe kwa kola ya shati au kwa kitambaa, na kukaa nao mwaka mmoja, miwili, hata mitano. Wako pia wanaofanya kinyume chake, wakamwendea mtu yeyote mwenye wembe ili autumbue siku hiyo hiyo. Makundi hayo mawili yote yanajitia hatarini, maana kuna uvimbe usiotaka kisu kabisa, na kuna uvimbe usiofaa kusubiri.

Dawa nzuri ya hofu ni hesabu. Tukijua ni watu wangapi hufikishwa katika chumba cha kupasulia, na ni kwa sababu gani, tutajua pia lini tutulie na lini tufanye haraka. Basi tuanze na viungo vyenyewe.

TEZI ZENYEWE

Binadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate. Jozi ya kwanza iko mbele ya masikio, upande huu na upande huu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Jozi ya pili iko chini ya taya. Ya tatu imelala chini ya ulimi. Zaidi ya hizo, kuna tezi ndogo ndogo kati ya 600 na 1,000 zilizotawanyika ndani ya midomo, mashavuni na kaakaani.

Kwa siku moja tezi hizi hutoa mate kiasi cha nusu lita mpaka lita moja na nusu. Mate hulainisha chakula, huanza kazi ya kuyeyusha wanga wa ugali na matoke, husafisha meno na kupambana na vijidudu vya kinywani. Mtu aliyekauka mate hujua thamani yake: chakula humkwama, ulimi humchoma na meno yake huoza upesi.

Kila tezi kubwa ina mfereji wa kupeleka mate kinywani. Mfereji wa tezi ya mbele ya sikio hufungukia ndani ya shavu, karibu na magego ya juu. Mifereji ya tezi za chini ya taya hufungukia chini ya ulimi, nyuma ya meno ya mbele. Msomaji ayakumbuke mambo haya mawili, tezi na mfereji wake, kwa sababu karibu kila shida tutakayoitaja ni ama ya tezi yenyewe, ama ya mfereji ulioziba.

HESABU ZA MATAIFA

Si rahisi kupata hesabu ya nchi nzima juu ya jambo kama hili. Hapana budi kila hospitali iandike kila mgonjwa aliyelazwa, ugonjwa wake na alichofanyiwa, kisha maandishi hayo yakusanywe mahali pamoja. Uingereza imekuwa na daftari la namna hiyo kwa hospitali zake za serikali tangu mwisho wa miaka ya 1980. Denmark ilianza yake mwaka 1977, na kwa kuwa kila raia wa nchi hiyo amepewa namba yake tangu mwaka 1968, mgonjwa mmoja hahesabiwi mara mbili hata akihama mji.

Mwaka 1999 madaktari wawili wa London, Escudier na McGurk, walichapisha katika jarida la madaktari wa meno la Uingereza hesabu iliyotokana na maandishi ya hospitali. Waliona kwamba watu wanaosumbuliwa na vijiwe vya mate katika nchi hiyo ni kati ya 27 na 59 hivi kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Uchunguzi wa Denmark uliofuata baadaye ulipata kiasi cha watu 7 kwa kila 100,000, yaani 70 na kitu kwa kila milioni. Kwa upande wa saratani ya tezi za mate, uchunguzi wa Denmark wa miaka ya 1990 hadi 2005 ulipata wagonjwa 1.1 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, yaani 11 kwa kila milioni. Duniani kote, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu zaidi ya 53,000 walipatwa na saratani hiyo. Hao hawafiki hata watatu katika kila wagonjwa 1,000 wa saratani za aina zote.

Tuzilete hesabu hizi karibu na nyumbani. Tuseme kambi moja, pamoja na askari, wake na watoto, ina watu 3,000. Kwa kiwango cha juu cha Uingereza, kambi hiyo ingepata mgonjwa mmoja wa vijiwe vya mate baada ya kila miaka mitano au sita. Kwa kiwango cha Denmark cha saratani, ingepata mgonjwa mmoja kwa miaka thelathini hivi. Hesabu hii yatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba ugonjwa huu ni wa nadra, wala hapana sababu ya kuingiwa na kiwewe kila tezi inapovimba. La pili ni kwamba mhudumu wa zahanati ya kambi aweza kufanya kazi miaka mingi asiuone hata mara moja. Kwa hiyo asilaumiwe akikosa kuutambua mara ya kwanza, lakini naye asione aibu kumwandikia mgonjwa barua ya kwenda hospitali kubwa.

Je, twaweza kuchukua kiwango cha Uingereza na kukizidisha kwa idadi ya watu wa Uganda? Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46. Kwa hesabu ya darasani tungepata wagonjwa wa vijiwe kati ya 1,200 na 2,700 hivi kwa mwaka. Lakini hesabu hiyo ni ya kutupa picha tu, wala si takwimu ya nchi. Vijiwe vya mate huwapata hasa watu wazima wa makamo, na saratani hii huwapata zaidi wazee, hali karibu nusu ya watu wa Uganda hawajatimiza miaka 18. Nchi yenye vijana wengi haiwezi kuvaa kiwango cha nchi yenye wazee wengi.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa takwimu yampasa alijue. Hesabu ya hospitali humhesabu yule aliyefika hospitali. Makadirio yanayotajwa mara nyingi katika vitabu vya udaktari, ambayo msingi wake ni uchunguzi wa maiti, yasema kwamba watu 12 hivi katika kila 1,000 wana vijiwe katika tezi za mate. Linganisha hao na wale 59 kwa milioni wanaoonekana hospitali kwa mwaka. Wengi huishi na vijiwe vyao wasijue, wakafa uzeeni kwa sababu nyingine. Basi kiwango cha chini katika daftari la hospitali chaweza kumaanisha kwamba watu hawaugui, na chaweza vile vile kumaanisha kwamba wanaugua lakini hospitali iko mbali. Mwenye kusoma takwimu asisahau kuuliza ni nani hakuhesabiwa.

SABABU YA KWANZA: VIJIWE

Sababu kubwa mbili zinazompeleka mtu kupasuliwa tezi ya mate ni vijiwe na uvimbe wa kuota. Tuanze na vijiwe.

Katika kila vijiwe kumi vya mate, vinane hivi hutokea katika tezi ya chini ya taya. Sababu yake ni rahisi kufahamika. Mate ya tezi hiyo ni mazito na yana chumvi ya chokaa nyingi zaidi. Tena mfereji wake ni mrefu na mate hupanda juu kabla ya kutoka, kama maji katika bomba lenye mwinamo mbaya. Penye mtiririko wa polepole takataka hutuama, zikagandamana na chokaa mpaka kikawa kijiwe.

Dalili yake haifanani na ya ugonjwa mwingine. Mtu huketi kula, na mara tu mate yanapomjaa, chini ya taya huvimba na kuuma. Baada ya saa moja au mbili uvimbe hupungua. Chakula kinachofuata, maumivu hurudi. Mama akiona mumewe anasukuma sahani kando huku ameshika taya, asidhani kwamba mboga ni mbaya. Amwulize juu ya uvimbe.

Watu wengi hudhani kwamba vijiwe hivi huletwa na maji ya kisima yenye chumvi. Dhana hiyo ilipimwa Uingereza, ambako maji ya mikoa mingine ni makali kwa chokaa na ya mingine ni laini. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2000 ilionyesha kwamba hapakuwa na uhusiano wowote kati ya ukali wa maji na wingi wa wagonjwa wa vijiwe. Kwa hiyo usiyakimbie maji ya kisima kwa ajili ya sababu hii. Lililo muhimu ni kunywa maji ya kutosha, hasa kwa askari wa doria anayeshinda juani, maana mwili uliokauka hutoa mate machache na mazito.

Zamani daktari alipokuta kijiwe ndani ya tezi, kwa kawaida aliitoa tezi nzima. Mambo yamebadilika. Tangu miaka ya 1990 madaktari wa Ulaya wametumia darubini nyembamba kama uzi mnene, inayopita ndani ya mfereji wa mate ikiwa na kikoleo kidogo cha kunasia kijiwe. Wametumia pia mashine ya kuvunja vijiwe kwa mawimbi bila kukata ngozi. Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 4,691 waliotibiwa kwa njia hizi katika vituo mbalimbali kati ya miaka 1990 na 2004. Wanane katika kila kumi walipona kabisa, na walioondolewa tezi hawakufika watatu katika kila mia.

Vifaa hivyo ni vya ghali, wala havipatikani katika kila hospitali ya Afrika. Lakini fundisho lake latufaa hata pasipo darubini. Kijiwe kilicho karibu na mdomo wa mfereji, chini ya ulimi, daktari aweza kukitoa kwa mkato mdogo ndani ya kinywa, baada ya kupiga sindano ya ganzi, na mgonjwa akalala kwake usiku huo huo. Kijiwe kidogo pengine hutoka chenyewe kwa kunywa maji mengi, kuikanda tezi kuelekea mbele, na kufyonza limau au ndimu ili mate yatiririke. Kuondoa tezi hubaki kwa yule ambaye kijiwe chake kimekaa ndani sana, au ambaye tezi yake imeugua mara nyingi mpaka imeharibika. Kwa hiyo anayekuja mapema, kijiwe kikingali kidogo, hupona kwa njia nyepesi; anayekuja baada ya kuvimba usaha mara kumi hujikuta amebakiwa na njia moja tu, nayo ni kisu.

SABABU YA PILI: UVIMBE WA KUOTA

Uvimbe wa kuota hautegemei chakula. Huanza kama punje, hauumi, na hukua polepole. Kwa sababu hauumi, mwenyewe huuzoea. Na hapo ndipo ilipo hatari.

Katika uvimbe kumi wa tezi za mate, saba au nane hutokea katika tezi ya mbele ya sikio, na katika hao wa tezi hiyo, wanane katika kila kumi si saratani. Hiyo ni habari njema. Lakini katika tezi ya chini ya taya, karibu nusu yaweza kuwa saratani, na katika tezi ya chini ya ulimi na zile ndogo za kinywani, zaidi ya nusu. Madaktari wana kanuni inayoshikika kwa urahisi: kadiri tezi ilivyo ndogo, ndivyo shaka inavyokuwa kubwa. Kwa hiyo uvimbe mdogo kaakaani usipuuzwe kwa udogo wake.

Uvimbe ulio mwingi kuliko mingine ni ule unaoitwa uvimbe mchanganyiko, kwa kuwa ukiangaliwa kwa hadubini huonekana una chembe za namna mbalimbali. Uchunguzi wa Uganda uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha vivyo hivyo. Uvimbe huu si saratani unapoanza, lakini waweza kugeuka. Katika miaka mitano ya kwanza hatari ya kugeuka ni ndogo, mtu mmoja au wawili katika mia. Ukiachwa miaka kumi na mitano, hatari hupanda na kufika kiasi cha kumi katika mia. Kwa sababu hiyo daktari hushauri uondolewe hata kama hauumi. Pia hauondolewi kwa kukamuliwa. Ukikamuliwa, vipande vidogo hubaki na kuota tena, pengine mahali pengi, na upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza. Mpasuaji hodari huuondoa pamoja na sehemu ya tezi iliyouzunguka.

Kuna uvimbe mwingine wa tezi ya mbele ya sikio unaowapata hasa watu wazima wavutao sigara. Si saratani mara nyingi, lakini ni hesabu nyingine ambayo tumbaku huwadai wateja wake, juu ya mapafu na moyo. Askari anayewasha sigara kila zamu ya usiku na aliweke neno hili moyoni.

UVIMBE USIOTAKA KISU

Sasa tuje kwenye uvimbe unaowapata watu wengi zaidi ambao kisu hakina kazi kwao.

Wa kwanza ni matubwitubwi, ambayo wengine huita perema. Huletwa na kirusi, huvimbisha tezi za mbele ya masikio pamoja na homa, na huondoka kwenyewe baada ya siku saba hadi kumi. Ni ugonjwa wa watoto, lakini hupenda pia makambi, kwa kuwa vijana wengi hulala chumba kimoja. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, maelfu kwa maelfu ya askari wa Marekani walilazwa kwa ugonjwa huu. Kwa wanaume waliobalehe waweza kuvimbisha korodani, na maumivu yake si ya mchezo, ingawa kupoteza uzazi kabisa ni nadra. Chanjo yake ipo, lakini katika nchi nyingi za Afrika haimo katika chanjo za kawaida za watoto. Mgonjwa atengwe kwa siku tano tangu uvimbe uanze, asitumie kikombe kimoja na wenzake, anywe maji na apewe dawa ya kutuliza homa. Masizi ya chungu yanayopakwa shavuni hayamdhuru wala hayamponyi. Chale za wembe ndizo zinazomdhuru.

Wa pili ni uvimbe unaotokana na virusi vya UKIMWI. Tezi za mbele ya masikio, mara nyingi za pande zote mbili, huvimba polepole bila maumivu na kujaa vifuko vya majimaji. Kwa watoto, uvimbe wa tezi hizi usioondoka ni moja ya dalili ambazo Shirika la Afya Duniani limezitaja ili mhudumu afikirie kipimo cha virusi. Mara nyingi mgonjwa akipata dawa za kupunguza makali na kuzimeza kila siku, uvimbe hupungua. Basi kabla ya kuomba kupasuliwa, heri mtu aombe kupimwa damu. Hapana fedheha katika kipimo. Fedheha ni kumficha mtoto mpaka anyong'onyee.

Wa tatu ni uvimbe wa lishe na maradhi ya mwili mzima. Mtu mwenye kisukari, mnywaji wa pombe kali wa miaka mingi, au mtu aliyedhoofika kwa kukosa chakula bora, aweza kuvimba mashavu pande zote mbili bila maumivu. Tiba yake ni kutibu chanzo.

Wa nne ni wa watoto, na una historia katika nchi yetu. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi na alitumika Kenya na Somalia, alionyeshwa katika Hospitali ya Mulago mtoto aliyevimba taya pande zote. Alipochunguza alikuta watoto wengine wenye hali hiyo hiyo, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa huo, ambao leo duniani kote huitwa kwa jina lake. Ni saratani inayokua upesi mno. Taya la mtoto hubadilika kwa majuma machache, na meno hulegea. Burkitt mwenyewe alikuwa mtu wa kisu, lakini aliona kwamba kisu hakikuwaokoa watoto hao. Dawa za saratani ndizo zilizowaokoa. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967 kwa kazi hiyo hasa. Kwa hiyo mzazi akiona taya la mtoto linavimba upesi, asidhani ni jino, wala asidhani ni matubwitubwi yaliyochelewa kupona. Asimpeleke kwa mng'oa meno wa mtaani. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo, maana ugonjwa huu ukiwahiwa una tumaini kubwa la kupona.

KISU CHENYEWE

Tuseme daktari ameamua kwamba lazima upasuliwe. Nini kitatokea?

Kwanza, utapimwa. Picha ya mawimbi ya sauti itaonyesha kama ni kijiwe, usaha au uvimbe. Sindano nyembamba yaweza kuvuta chembe chache kwa ajili ya maabara. Usikubali uvimbe wa shavuni ukatwe kipande kwa wembe ili "kuangalia" tu. Njia hiyo yaweza kutawanya ugonjwa na kukata mshipa wa fahamu.

Mshipa huo ndio jambo kubwa la upasuaji huu. Mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso hupita katikati ya tezi ya mbele ya sikio, ukagawanyika humo matawi matano: la paji, la jicho, la shavu, la mdomo na la shingo. Mpasuaji huutafuta kwanza, huuchunga, kisha ndipo huondoa uvimbe. Baada ya hapo baadhi ya wagonjwa huona upande mmoja wa uso umelegea. Kwa wengi, ikiwa ugonjwa wenyewe si saratani, hali hiyo hupita kwa majuma au miezi. Ni wachache tu ambao hubaki nayo. Katika tezi ya chini ya taya, mishipa ya kuchungwa ni ile ya pembe ya mdomo na ya ulimi. Wengine baada ya kupasuliwa shavu hutoka jasho mbele ya sikio wanapokula. Ni jambo la kushangaza lakini si la hatari.

Akina mama huuliza: "Tezi ikitolewa, mume wangu atakauka kinywa?" La. Tezi moja ikiondoka, zilizobaki hushika kazi.

Kabla ya kutia sahihi, mgonjwa ana haki ya kuuliza mambo manne: Ugonjwa wangu ni nini? Kuna njia nyingine isiyo kisu? Mshipa wa uso uko katika hatari gani? Na kilichotolewa kitapelekwa maabara? Daktari mwema hakasirikii maswali hayo. Jibu la swali la nne lifuatwe mpaka lipatikane, kwa kuwa maabara ndiyo itakayosema kama kazi imekwisha au bado.

WAJIBU WETU NYUMBANI

Kwa kufupisha, tunawaomba wasomaji wakate maneno haya na kuyabandika ukutani.

Uvimbe unaokuja na chakula na kuondoka baadaye: yaelekea ni kijiwe. Nenda hospitali juma hilo, kabla haujatunga usaha.

Uvimbe usiouma ambao haukuondoka kwa majuma matatu: nenda ukapimwe, hata kama ni mdogo kama punje ya mahindi.

Uvimbe pamoja na uso kulegea upande mmoja, au uliogumu kama jiwe na hausogei, au wenye kidonda: usingoje mshahara wa mwisho wa mwezi, nenda sasa.

Uvimbe wa chini ya taya pande zote mbili pamoja na homa, ulimi kuinuka, kushindwa kumeza au kupumua kwa taabu: hiyo ni hatari ya saa, si ya siku. Tafuta gari usiku huo huo.

Mtoto anayevimba taya upesi: hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna neno la mwisho kwa wakubwa wa kambi na vituo. Askari hufundishwa kuvumilia, na uvumilivu ni sifa yake. Lakini askari anayeuvumilia uvimbe kwa sababu anaogopa kuonekana mvivu akiomba ruhusa huja kupoteza miezi mahali ambapo angepoteza siku mbili. Ofisa anayesaini karatasi ya ruhusa ya hospitali mapema humwekea askari wake uso wake mzima, na huliwekea taifa askari wake. Nao waandishi wa madaftari ya zahanati waandike kila mgonjwa kwa uangalifu: umri wake, mahali pa uvimbe, na alikopelekwa. Takwimu za Denmark na Uingereza tulizozisoma leo hazikuanzia kwa maprofesa. Zilianza kwa karani aliyeujaza mstari mmoja bila kuuruka. Zetu nazo zitaanza hivyo hivyo.